Kanisa la Sainte-Famille, Kigali

Jengo nalo husomwa kama kitabu. Misheni ya Sainte-Famille iliasisiwa na Mapadri Weupe mwaka 1913, kwenye mteremko wa kilima cha Nyarugenge. Kanisa lake ni la matofali mekundu yasiyofichwa kwa lipu. Wanyarwanda huyaita amatafari, neno lililo ndugu wa letu. Uzuri wake umo katika unyofu huo. Hata hivyo, mhakiki asiishie ukutani. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, maelfu walikimbilia humo, na wengi wakatolewa kwenda kuuawa. Neno kanisa, tulilolipokea kwa Waarabu, asili yake ni kukusanyika. Basi, ndugu mwalimu, tusiwafundishe wanafunzi kusifu matofali huku tukiwanyamazia waliokusanyika.