Kiyama Kilichopita na Kiyama Kijacho: Taswira za Mwisho wa Dunia katika Masimulizi ya Mbulu na Hanang

Utangulizi

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yaliporomoka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu 89 walipoteza maisha. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano iliyolala, dhana kwamba mlima umelipuka ilienea upesi. Msemaji Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Mobhare Matinyi, alilazimika kufafanua kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano, bali miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji, ikalemewa, ikameguka. Siku hizo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, akalazimika kukatisha safari yake.

Ufafanuzi wa miamba hujibu swali la namna mlima ulivyoanguka. Haujibu swali ambalo mfiwa huuliza: kwa nini sisi? Katika pengo hilo ndipo lugha ya kiyama huingia. Uhakiki huu unachunguza aina nne za masimulizi ya mwisho wa dunia yanayokutana katika eneo la Mbulu na Hanang: mahubiri ya siku za mwisho, mapokeo ya Wairaqw, kumbukumbu ya ardhi ya Wabarabaig, na bunilizi ya riwaya na filamu. Kipimo kinachotumika ni kimoja, nacho ni kile ambacho kila simulizi humtaka aliyenusurika akifanye. Hoja inayotetewa ni kwamba simulizi linalokiweka kiyama mbele pekee huelekea kumgeuza marehemu kuwa ishara, ilhali simulizi linalokubali kwamba kiyama kimekwisha kupita humrudishia aliye hai wajibu wa kujenga upya.

Lugha ya ishara katika dini

Dini zote mbili kubwa za Tanzania zina msamiati tajiri wa kiyama. Mathayo 24 na Luka 21 hutaja matetemeko na njaa kabla ya mwisho. Sura ya 99 ya Kurani husawiri ardhi ikitetemeshwa na kutoa mizigo yake, na Sura ya 101 huisawiri milima ikipeperuka kama sufi. Kwa hadhira iliyolelewa katika matini hizi, mlima unaomeguka hauwezi kuwa tukio la kijiolojia tu. Tayari una nafasi yake katika hadithi inayojulikana na ambayo mwisho wake umekwisha kuandikwa.

Nguvu ya lugha hii haipaswi kupuuzwa. Humpa mfiwa hakika kwamba vurugu iliyomkumba si upuuzi, na huikusanya jamii iliyotawanyika. Tatizo huanza pale ishara inapohitaji sababu. Mhubiri anayesema kwamba tukio ni onyo hulazimika kueleza nani anaonywa na kwa kosa gani, na jibu lililo karibu zaidi ni dhambi za waliokufa. Hapo msiba huongezewa hukumu.

Hata hivyo, ndani ya matini hizohizo mna kipingamizi. Katika Luka 13, Yesu anaulizia habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, iwapo walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Jibu lake ni la kukanusha, na papo hapo onyo linawageukia wanaosikiliza. Mwelekeo huohuo unapatikana katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo magofu ya Pate hayatumiki kuwashutumu waliokuwa wakiishi humo. Mshairi anauonya moyo wake mwenyewe. Mapokeo ya kidini, kwa hiyo, yanatofautisha kiyama kinachomhoji msemaji na kiyama kinachomhukumu jirani. Mahubiri yanayosahau tofauti hiyo huwa dhaifu hata kwa vigezo vya matini yanayoyategemea.

Hatari ya kuisahau imeonekana Afrika Mashariki. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililosubiri mwisho wa dunia waliteketea katika jengo la ibada, na baadaye miili mingine ilifukuliwa katika makazi ya kundi hilo. Mwaka 2023, mwaka uleule wa Hanang, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Si haki kuyalinganisha mahubiri ya kawaida na matukio haya. Lakini matukio haya yanaonyesha mantiki ya ishara inapofikishwa kikomo, kwani ikiwa dunia imekwisha hakuna sababu ya kumlisha mtoto wala ya kupanda mbegu.

Wairaqw: maafa mwanzoni mwa historia

Mapokeo ya Wairaqw hupanga wakati kwa namna nyingine. Masimulizi ya asili yao, yaliyojadiliwa na watafiti kama Thornton (1980) na Snyder (2005), huanzia Ma'angwatay, mahali ambapo jamii ilishindwa vitani ikalazimika kuhama. Matoleo ya simulizi hili hutofautiana, lakini umbo lake ni thabiti: kushindwa, kutawanyika, safari, na hatimaye makazi ya Irqwar Da'aw katika nyanda za juu za Mbulu. Kwa maneno mengine, maangamizi yamewekwa mwanzoni. Jamii haiyasubiri, kwa kuwa imetokana nayo.

Mpangilio huu unaathiri namna msiba unavyofasiriwa. Katika imani ya jadi, Looaa, anayehusishwa na jua na umama, ni mwema, ilhali neetlaang'w hukaa katika chemchemi na mito na huweza kudhuru. Balaa huashiria kwamba uhusiano kati ya watu, ardhi na viumbe hao umechafuka na unapaswa kutakaswa. Tambiko la masay, ambalo kwalo mnyama huzungushwa mipakani kabla ya kuchinjwa, huifunga upya nchi iliyo wazi kwa madhara. Sala ya kishairi ya slufay hutamkwa na mzee huku hadhira ikimwitikia. Kifani ndicho kinachobeba maana hapa: sala haikamiliki bila waitikiaji. Mtambaji hawezi kuomba baraka peke yake, na kwa hiyo utendaji wenyewe unaikusanya jamii kabla maneno hayajaleta mvua au afya.

Uhakiki wa haki haupaswi kuyapamba mapokeo haya. Dhana ya metimani, yaani hali ya unajisi baada ya kifo au tukio lililokiuka mwiko, iliwatenga watu waliokwisha kuumizwa. Miongoni mwao walikuwa waliofiwa, na pia mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa, ambao walifukuzwa nchini. Lawama ipo pia katika mfumo huu. Tofauti ni kwamba utengano wa metimani una muda na una njia ya kurudi. Dhana ya ishara ya mwisho haina njia hiyo, kwa sababu hakuna kesho ambayo mtu angeweza kuirudia.

Basotu: distopia isiyohitaji bunilizi

Kwa Wabarabaig wa Hanang, neno kiyama linaweza kufasiriwa kwa tarehe na hati. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalianzishwa katika tambarare za Basotu, na hatimaye yalifikia takribani ekari 100,000. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya malisho bora ya wafugaji. Lane (1996) ameeleza jinsi upotevu huo ulivyovuruga mzunguko wa malisho na jinsi bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee, yalivyoingizwa ndani ya mashamba, mengine yakalimwa.

Kesi ya Kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ni matini muhimu kwa mada hii. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi kwa sehemu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi. Msomaji wa riwaya za distopia atalitambua umbo hili mara moja: mtu anatakiwa kuthibitisha mbele ya ofisi kwamba yeye ndiye yeye, katika nchi ambamo babu zake wamezikwa, huku makaburi yao yakipitiwa na trekta. Hapakuwa na moto wala mbiu ya malaika. Kulikuwa na ngano, tafsiri ya kifungu cha sheria, na nia iliyotangazwa ya kulilisha taifa.

Hapa ndipo upungufu wa lugha ya ishara unapoonekana wazi zaidi. Maporomoko ya 2023 yalipewa sura ya kiyama kwa sababu yalitokea ghafla na yalionekana. Upotevu wa Basotu ulikuwa wa polepole na wa kiofisi, na msamiati wa mbingu zinazotikisika hauna nafasi yake. Msamiati huo huona mlima ukianguka lakini hauoni mpaka ukisogezwa.

Riwaya na filamu

Bunilizi ya Afrika Mashariki imejaribu kuziba pengo hilo. Katika Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi anasawiri ulimwengu ulioteketea ambamo msimulizi anamtafuta mzee Kakulu, anayefananishwa na Mungu. Riwaya inathubutu kuuliza iwapo Mungu naye anahitaji kupewa taarifa ya msiba, na swali hilo ni zito kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo, ulimwengu wake ni wa kifalsafa mno kiasi kwamba ardhi haina mwenyewe. Msomaji hawezi kujua ni malisho ya nani yaliyoungua.

Filamu fupi Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu wa Kenya ina nguvu pale riwaya ilipolegea. Baada ya Vita vya Maji, binadamu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, kila tone la jasho likirejeshwa matumizini, hata ndoto zikidhibitiwa kwa dawa. Asha anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, anatoroka kwenda kuiotesha jangwani na kuikinga kwa mwili wake. Maangamizi hapa yamepita tayari, na swali lililobaki ni la kazi. Kasoro ya filamu ni upweke wa kazi hiyo: wokovu umewekwa juu ya mtu mmoja anayekufa. Slufay, pamoja na udogo wake, ina busara ambayo filamu haina, kwa kuwa haimruhusu mtu yeyote kuiokoa nchi bila waitikiaji.

Hitimisho

Uchanganuzi huu unaonyesha kwamba masimulizi ya kiyama hayatofautiani kwa kiasi cha hofu yanayoibeba, bali kwa mahali yanapoiweka katika wakati. Ishara huiweka mbele na kumwacha aliyenusurika akisubiri. Ma'angwatay huiweka nyuma na kumfanya mjenzi. Mulbadaw huionyesha ikitendeka kimya ndani ya sheria, na humtaka msomaji awe shahidi. Pumzi huipa mkono wa kupanda, ingawa ni mkono mmoja. Mafunzo ya fasihi katika vyuo vya Tanzania yatanufaika iwapo mada ya kiyama haitaishia kwenye riwaya zilizochapishwa, bali itahusisha mahubiri, sala za jadi na hukumu za mahakama kama matini zinazostahili kuhakikiwa kwa makini yaleyale. Kwa wakazi wa Katesh, tofauti baina ya masimulizi hayo si suala la nadharia. Ndiyo inayoamua iwapo waliokufa watakumbukwa kama onyo kwa wengine au kama jirani.