Nyama Hakuna, Hoho Zipo: Usiku Wangu wa Kwanza na Cowboy Bebop

Jamani, mbona hamkuniambia? Au mliniambia nikajitia kiziwi, maana katuni hii ya Kijapani ilianza kurushwa mwaka 1998, nami nimeifungua jana saa tatu usiku, nikijidanganya kwamba nitaonja kipindi kimoja tu kisha nikalale. Nimeonja vitano. Macho yamevimba, chai imepoa kikombeni, na naandika kabla hata sijapiga mswaki. Nikisubiri nitapoa kama hiyo chai.

Nianze pale iliponikamata: muziki. Hadithi haijafika popote, ghafla besi inanyata, ngoma za bongo zinaijibu, halafu jeshi zima la tarumbeta na saksafoni linavamia kama wageni wa harusi waliochoka kusubiri nje. Vivuli vya watu vinakimbia juu ya rangi kali, bastola, moshi wa sigara, miguu mbio. Wimbo unaitwa “Tank!”, umetungwa na Yoko Kanno na kupigwa na bendi yake, Seatbelts. Wazee wetu waliita bendi zao Morogoro Jazz na Western Jazz hata zilipokuwa zinapiga rumba, kwa hiyo masikio yangu hayakuona ugeni wowote. Nimerudisha nyuma mara tatu. Mkurugenzi, Shinichirō Watanabe, ameeleza kwamba mara nyingine Kanno alimletea muziki ambao hakuuagiza, naye akabuni matukio kutokana nao. Inaonekana! Kuna mahali picha zinaufuata muziki kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya mama yake.

Haya, hadithi. Ni mwaka 2071. Miaka mingi nyuma mlango mmoja wa njia za mkato za angani ulilipuka karibu na Mwezi, ukaumegua, na vipande vyake vikawa vinainyeshea Dunia mawe. Waliobaki wametapakaa Mirihi, Zuhura, kwenye miezi ya Mshtarii na hata juu ya asteroidi. Polisi wamezidiwa, kwa hiyo serikali inatangaza donge nono kwa yeyote atakayemkamata mhalifu na kumfikisha akiwa hai. Wanaoishi kwa madonge hayo huitwa makauboi, na wana hadi kipindi chao cha televisheni, chenye watangazaji wawili wenye kelele wanaosoma majina ya wanaosakwa kama vile wananadi sabuni.

Makauboi wetu ni wawili kwa kuanzia. Spike Spiegel, mrefu, mwembamba, nywele kama kichaka, aliwahi kuwa mtu wa genge la wahalifu. Jet Black, mwenye kipara na mkono wa chuma, alikuwa polisi. Wanaishi ndani ya Bebop, na hapa ndipo niliposimama wima sebuleni: Bebop ni meli kuukuu ya uvuvi! Ina kutu, ina sitaha pana, na ikishuka kwenye sayari hutafuta maji ikatia nanga kama jahazi lililochoka na safari. Nimezoea vyombo vya anga vinavyong'aa kama hospitali mpya. Hiki kinaonekana kina harufu ya dizeli na nguo ambazo hazijakauka vizuri.

Sasa nisikilizeni kuhusu hoho. Katika kipindi cha kwanza Jet anapika, anamwita Spike mezani na kumtangazia kwamba leo ni hoho na nyama ya ng'ombe. Spike anachokonoa sahani. Hoho anaziona. Nyama haioni. Anauliza, anajibiwa kwamba ukiwa huna pesa hiyo ndiyo nyama yenyewe. Na zile woolong milioni moja (ndizo pesa zao) za juzi? Imelipia chombo kilichoharibika, duka alilolibomoa Spike wakati wa kumkamata mtu, na matibabu ya polisi aliyeumia. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nani kati yetu hajawahi kupokea malipo yakiwa yameshaliwa na madeni kabla hayajafika mfukoni? Nimehesabu: katika vipindi vitano hivi, wawindaji wetu hawajatia mfukoni donge hata moja. Kila mara samaki anaponyoka, au anakufa, au thamani yake inabadilika dakika ya mwisho. Kipindi cha pili kinaisha wakiwa wamepata mbwa, basi. Mbwa mwenyewe, Ein, ana miguu mifupi na akili nyingi kuliko wote mle ndani, na ni mali ghali ya watafiti, ila hakuna anayejua thamani yake. Wanaona mdomo mwingine wa kulisha.

Kipindi cha kwanza kinawapeleka Tijuana, mji uliojengwa juu ya asteroidi, kumsaka Asimov Solensan, mwenye donge la woolong milioni mbili na nusu. Anauza dawa inayopuliziwa machoni; ukiipata, dunia yote inageuka nyekundu na risasi za wenzako zinakuja polepole kama konokono. Ameandamana na Katerina, mwanamke anayeonekana ana mimba na anayetaka kitu kimoja tu, kufika Mirihi akaishi. Sitasema yanayowapata. Nitasema kwamba kwa dakika zisizofika 25 nilimpenda mtu ambaye sikumjua, na alipoondoka kiooni nilibaki nimeshika rimoti kama mshumaa uliozimika. Wazee watatu wanaocheza karata kwenye baa ya huko wanaitwa Antonio, Carlos na Jobim. Ndiyo, jina la yule mtunzi wa muziki wa Brazili limekatwa vipande vitatu. Haya ndiyo mambo wanayoyaficha pembeni!

Na ngumi! Mliomtazama Bruce Lee kwenye kibanda umiza, mmebanana kwenye mabenchi, mtamtambua Spike papo hapo. Hapigani kwa hasira. Anateleza, mikono mfukoni, mguu unachomoka mahali ambapo hukuutarajia, halafu anawasha sigara. Wachoraji wamempa uzito: akitua, goti linajikunja, koti linachelewa kidogo kumfuata.

Mapungufu yapo. Kipindi cha nne, cha wanaharakati wa mazingira na kirusi kinachogeuza watu kuwa nyani, kilinipwaya. Faye Valentine, anayeingia kipindi cha tatu akiwa mcheza kamari mwenye madeni mengi kuliko nywele, ni mjanja na mchokozi, na anastahili nguo zilizokamilika; wachoraji walijisahau hapo. Atakayesema hizi ni katuni za watoto, azime taa atazame cha tano halafu tuongee.

Jambo moja limenichekesha. Watanabe amesimulia kwamba wafadhili wa mwanzo walikuwa watu wa vitu vya kuchezea, na sharti lao lilikuwa viwepo vyombo vya anga. Walipoona anachokitengeneza, wakajitoa. Hata TV Tokyo ilirusha sehemu tu mwaka 1998. Vipindi vyote 26 vilionekana kwenye kituo cha WOWOW kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Aprili 1999. Yaani kazi yenyewe ilikula hoho bila nyama. (Netflix ilitoa toleo la waigizaji halisi mwaka 2021 na kulifuta baada ya msimu mmoja. Sina haraka nalo.)

Lakini cha tano! Spike anakwenda kanisani kukutana na mtu wa zamani zake, Vicious, mwenye upanga na ndege mweusi begani. Jina hilo ni la kujitapa, nakubali, na nusu ya maneno yake ni ya jukwaani. Halafu kioo cha rangi kinavunjika, Spike anaanguka chali usiku, sauti za kwaya zinaanza kuimba kitu laini kabisa, na maisha yake ya nyuma yanapita vipande vipande: mvua, waridi, mwanamke mwenye nywele za dhahabu. Hakuna anayetueleza chochote. Nilisimamisha pumzi, naapa.

Kisha anazinduka kitandani, amefungwa bandeji kama maiti iliyofufuka. Faye amekaa kando, anaimba kimya kimya. Spike anamwita kwa kidole asogee karibu. Anasogea. Anamnong'oneza kwamba anaimba nje ya sauti. Mto unamshukia usoni, manyoya yanatapakaa chumba kizima, na mimi, saa ni saa nane na robo usiku, nikabonyeza cha sita. Umeme ukakatika.