Kiswahili cha dakika tatu: jinsi "Haba Haba" ilivyoundwa

Usiku wa tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, Norway ilipanda jukwaa la Eurovision na wimbo wenye kiitikio cha Kiswahili. Mwimbaji alikuwa Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norway, na wimbo ukiitwa "Haba Haba". Kiswahili hakikuwa kimewahi kusikika katika mashindano hayo. Nusu fainali ilipokwisha, Norway ilikuwa ya 17 kati ya nchi 19, pointi 30, safari ikaishia hapo. Kuwalaumu Wazungu ni rahisi. Mimi nataka kwanza tuufungue wimbo tuone umeungwaje.

Beti ni za Kiingereza, nazo ndizo zinazobeba kisa: nyanya anamfunza mjukuu wake subira. Kiitikio kimesimamishwa juu ya ile methali ya haba na haba. Kwa upande wa sauti, kazi hiyo ni safi. Jina la wimbo ni mizani minne, yote inaishia kwa irabu ile ile, hakuna konsonanti zinazogongana, hivyo asiyejua neno la Kiswahili anaweza kulidaka akilisikia mara moja. Tarehe 12 Februari mwaka huo, Wanorway wenyewe waliuchagua wimbo huu katika Melodi Grand Prix, mchujo wao wa kitaifa, ukumbi wa Oslo Spektrum. Kwa hiyo mtego ulinasa, angalau nyumbani.

Tabu inaanzia kwenye sheria za Eurovision. Wimbo usizidi dakika tatu. Jukwaani wasizidi watu sita, wachezaji wakihesabiwa. Muziki wa ala unaruhusiwa kutoka kwenye kanda, lakini wakati huo kila sauti ya mtu ilibidi iimbwe pale pale. Sasa kiitikio cha aina hii kinaishi kwa wingi wa watu. Studioni unarundika sauti moja juu ya nyingine mpaka upate kijiji kizima. Jukwaani una vinywa sita, na baadhi yao wanahema kwa kucheza. Ukumbi ungejaza pengo hilo iwapo tu ungeingia kuimba mapema, na dakika tatu ni chache mno kwa watu wanaoufahamu wimbo juu juu.

Hapo ndipo nawakumbuka vijana wetu wa Kaloleni, ndugu wa Them Mushrooms. "Jambo Bwana", utunzi wa Teddy Kalanda Harrison, ulizaliwa kwenye hoteli za watalii za Pwani, na kufikia 1983 Boney M. wa Ujerumani walikuwa wameutolea toleo lao. Umeundwa kwa salamu, na salamu haikamiliki bila mwenye kuijibu. Mgeni amepewa zamu yake ndani ya wimbo tangu mwanzo, tena kwa maneno aliyokwisha kuyasikia mapokezini. "Haba Haba" inampa msikilizaji funzo la kukariri. Ni funzo zuri, lakini halimngoji ajibu.

Kuna na mapigo. Wimbo unakwenda kwa nne, pigo la dansi lililo sawa kila mahali duniani, juu yake ngoma za kuashiria Afrika. Sikio lililozoea chakacha, inayoyumba kwa sita, au kayamba la Wagiriama, halipati pa kushika. Simlaumu Stella, yeye ni msanii wa rapu na hakudai kuwakilisha Pwani. Ila ladha ya mahali fulani hasa ingeufanya wimbo ukumbukwe kuliko ladha ya bara zima.

Kisha ikaja kura ya ratiba. Norway ilipangwa ya pili kuimba, nyimbo 17 zikafuata nyuma yake. Majirani wawili ambao wangeweza kuibeba, Sweden na Denmark, walikuwa katika nusu fainali ya pili, na wakati huo aliyepiga kura alikuwa yule wa kundi hilo hilo pamoja na nchi chache kubwa zilizogawanywa. Usiku wa Stella ulipewa Uingereza na Hispania. Italia, ambayo watu wake wamejenga majumba mengi ya ufuoni Malindi na salamu za Kiswahili wanazo mdomoni, ilirudi Eurovision mwaka huo huo baada ya kutoweka tangu 1997. Ikapangiwa kupiga kura siku mbili baadaye.