Ghala Lililogeuzwa Nyumba ya Sanaa

Desturi ya watu ni kuhakiki wimbo, picha au mchezo wa kuigiza, na kuisahau nyumba ambamo vitu hivyo vilifanywa. Nyumba huhesabiwa kuwa jambo la mwashi na seremala, na mhakiki huipita kama msafiri apitavyo mti asioujua. Lakini wimbo, msomaji, hauzaliwi hewani. Wahitaji mahali pa kujaribiwa, pa kukosewa, pa kurudiwa na pa kusikilizwa. Na mahali hapo huacha alama yake juu ya wimbo kama mtungi mpya unavyoacha harufu yake katika maji. Kwa hiyo nakualika tuipime nyumba moja ya sanaa kama tupimavyo kitabu: ilikusudia nini, ilitimiza nini, na ilipungukiwa na nini.

Tuanzie Kisian, magharibi ya mji wa Kisumu. Hapo njia huachana: moja yapanda kwenda Maseno na Busia, nyingine yafuata upande wa ziwa kwenda Bondo, na reli ya Butere yapita papo hapo. Si mbali na hapo ni Nyahera, ambako Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyejulikana duniani, alifariki mwaka 2019. Nyatiti ni ala ya nyuzi 8. Mpigaji huketi chini karibu na ardhi, vidole vikicheza juu ya nyuzi, pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu ikigonga ubavu wa ala, na njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja hufanya kazi ya watatu. Mlio wa nyuzi ni mwembamba, wa pete ni mkavu, wa njuga ni wa kutawanyika. Chumba kibaya huivuruga yote mitatu ikawa kelele moja.

Basi, albamu ya Ogada iitwayo En Mana Kuoyo, iliyotolewa mwaka 1993, ilirekodiwa wapi? Ilirekodiwa Uingereza, katika kijiji cha Box, kwenye studio za Real World. Studio hizo ni kinu cha maji cha zamani, kilichokuwa nyumba ya kazi kabla ya kuwa nyumba ya muziki. Fikiri jambo hili vizuri. Ala iliyozaliwa kando ya ziwa letu ilivuka bahari ili ipate chumba cha kuisikiliza, na chumba chenyewe kilikuwa jengo kuukuu ambalo watu wenye akili walikataa kulibomoa.

Kenya nayo ilipata nyumba ya jinsi hiyo. Mwaka 2003, katika Eneo la Viwanda la Nairobi, ghala lililokuwa gereji ya kutengenezea magari liligeuzwa kuwa kituo cha sanaa kilichoitwa GoDown. Jina hilo ni neno la wafanyabiashara wa bandari za Asia, nalo maana yake ni ghala tu. Aliyekiongoza ni Joy Mboya, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Barabara ambayo kituo kilisimama huitwa Dunga, jina lile lile la ufuo wa wavuvi wa Kisumu. Kana kwamba ziwa lilikuwa limetangulia kufika huko.

Sifa ya kwanza ya nyumba hiyo ni kwamba haikuona haya kwa asili yake. Mahali palipojengwa kwa ajili ya gari pana nafasi ya mcheza dansi kuruka na ya mchoraji kusimamisha turubai kubwa. Tena sakafu ya gereji haiogopi rangi kumwagika. Ukumbi wenye mazulia humwambia msanii, "Jihadhari usichafue." Ghala humwambia, "Fanya kazi." Na kwa kweli sanaa ni kazi, yenye jasho na zana zake, ndiyo maana nyumba ya kazi huipokea bila taabu.

Sifa ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ni ujirani. Wachoraji kama Patrick Mukabi na Michael Soi walikuwa na vyumba vyao humo. Wacheza dansi walifanya mazoezi humo. Na humo Tabu Osusa aliweka makao ya Ketebul Music, jina lenye maana ya vijiti vya ngoma kwa Kijaluo. Mwaka 2008 Ketebul ilitoa kazi iitwayo Retracing the Benga Rhythm, kitabu pamoja na muziki na filamu, iliyofuata nyayo za benga tangu kando ya ziwa. Yajulikana kwamba wapiga benga walilifanya gitaa liseme kwa lafudhi ya nyatiti: sauti moja moja, upesi upesi, zikijibizana na mwimbaji. Lakini jambo linalojulikana na wazee tu huondoka pamoja na wazee. Kuliandika na kulirekodi ni kuliwekea akiba, nayo hiyo ndiyo kazi halisi ya ghala.

Sifa ya tatu ni ushujaa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyoungua. Mwaka 2008 GoDown ilionyesha picha za siku hizo katika maonyesho yaliyoitwa Kenya Burning. Ingekuwa rahisi kutundika picha za twiga na machweo. Nyumba iliyochagua kuwaonyesha watu majivu yao wenyewe ilijua kwamba sanaa haikuumbwa kwa kupendeza macho peke yake.

Sasa tuje kwenye upungufu, maana mhakiki asiyeona kasoro ni mpiga debe. Kwanza, nyumba hiyo ilikuwa kati ya viwanda. Mchana mtaa ule una malori. Usiku una mageti yaliyofungwa. Hapakuwa mahali ambapo mama atokaye sokoni angepita na kuchungulia. Mtu hakujikuta pale: alikwenda kwa kukusudia, na aliyekusudia aghalabu alikuwa ameijua sanaa tayari. Pili, nyumba za jinsi hii hutegemea sana fedha za wafadhili wa nje. Hatari ya jambo hilo ilionekana Zanzibar, ambako chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001 na kufundisha taarabu katika jumba la forodha ya kale, kilitangaza mwaka 2019 kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha. Nyumba inayopumua kwa pua ya jirani haina budi kumwangalia jirani usoni kila asubuhi.

Kasoro ya tatu yatuhusu sisi wa ziwa. Wahenga wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Benga ilitoka kwetu, nyatiti na orutu zatoka kwetu, lakini chumba cha kuzihifadhi kilikuwa Nairobi, na kabla ya hapo Uingereza. Labda utanijibu kwamba muziki hukua kwa kusafiri, na kwamba bila gitaa lililotoka mbali benga isingekuwako. Kweli kabisa. Kusafiri ni heri. Kulazimika kusafiri ndio msiba. Anayekwenda Nairobi kwa hiari hurudi na jambo jipya. Anayekwenda kwa sababu nyumbani hana pa kufanyia kazi, mara nyingi harudi, na kijana wa Kisian aliyetaka kujifunza kwake hubaki akimsikia redioni.

Ghala lile la kale liliondolewa baadaye ili kupisha ujenzi wa kituo kikubwa zaidi mahali pale pale. Je, ni hasara? Naona kwamba kuta hazikuwa siri ya nyumba ile. Patrick Mukabi alipotoka GoDown alifungua karakana ya uchoraji katika uwanja wa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, akaendelea kuwafundisha vijana. Kazi ilihama bila kufa. Lakini jengo kubwa lina gharama kubwa, na gharama hupanga bei ya mlango. Jengo jipya litahukumiwa kwa jambo hili: kama kijana mwenye rangi mikononi na shilingi chache mfukoni ataingia bila kuulizwa anamtafuta nani.

Nchi ya ziwa haikosi majengo yaliyojengwa kwa ajili ya reli, pamba na samaki, na baadhi yake yamenyamaza. Siku moja utasikia kwamba moja litageuzwa nyumba ya sanaa, Kisumu au hapo Kisian njiapanda. Usikimbilie kushangilia, wala usikimbilie kubeza. Uliza maswali matatu. Siku isiyo ya tamasha, nani yumo ndani akifanya kazi? Aishiye jirani, mvuvi au mwuza mboga, je, huingia? Na wafadhili wakiondoka, mlango utabaki wazi? Ukijibiwa vema, shika ndoo na fagio uende ukasaidie kusafisha, kwa maana nyumba hiyo ni yako. Ukijibiwa vibaya, sema wazi, ungali mapema.

Nawe usingoje jengo ndipo uanze. Mzee apigaye nyatiti kijijini mwako hatangoja fundi amalize paa. Nenda ukaketi karibu naye, usikilize pete ikigonga, uulize na uandike, ili siku ghala litakapofunguliwa liwe na kitu cha kuwekwa ndani.