Kicheko cha Kashasha: Jina na Maradhi Yenyewe

Katika mwaka 1963 madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichapisha katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati taarifa ya tukio lililotokea wilayani Bukoba, Tanganyika, mwaka uliotangulia. Taarifa hiyo ni fupi, nayo imesimuliwa upya mara nyingi sana. Walakini yafaa kuuliza kama jina ililoyapa maradhi yale liliyatendea haki, maana wasimulizi wengi wamelishika jina na kuiacha taarifa.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 30 Januari, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hata shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, walimu hawakupatwa. Wasichana walirudi makwao, na hali hiyo ikaonekana Nshamba, ambako watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Kila shambulio lilidumu dakika chache au saa chache, likapoa, kisha pengine likarudi. Wagonjwa walihangaika, na baadhi yao waliogopa kwamba kuna mtu anayewakimbiza. Vipimo vilifanywa, wala haikuonekana sumu wala kijidudu. Hakufa mtu. Madaktari wakakata shauri kwamba ni histeria ya kundi.

Sifa ya taarifa hii ni uangalifu wake wa kuhesabu na kueleza. Kasoro yake imo katika kichwa chake, ambacho kinataja kucheka peke yake, ilhali ndani yake kilio na hofu vimeandikwa waziwazi. Wenyeji nao, kwa mujibu wa taarifa, waliyaita maradhi hayo enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, au akajanja, neno lililofasiriwa kuwa wazimu. Kuyaita maradhi kwa dalili yake si ajabu. Homa ya manjano imeitwa vivyo hivyo. Lakini manjano haimchekeshi msikiaji; kicheko humchekesha, na hapo ndipo masimulizi yalipopotoka. Yakazuka maneno kwamba watu walicheka miezi mingi mfululizo, jambo ambalo mwili wa binadamu hauliwezi. Christian Hempelmann, katika makala yake ya mwaka 2007, aliusahihisha upotovu huo: kicheko kilikuwa dalili moja tu miongoni mwa nyingi, na chanzo chake chafaa kutafutwa katika dhiki, si katika furaha.

Neno histeria lina dosari ya namna nyingine. Asili yake ni jina la Kigiriki la tumbo la uzazi, kwa hiyo hubeba tuhuma juu ya mwanamke kabla mgonjwa hajasikilizwa.

Kiswahili hakikosi njia. Kitenzi kucheka humfanya mtu kuwa mtenda, ndiyo sababu msikiaji huuliza, "Alicheka nini?" Lakini lugha hii husema pia kwamba mtu ameshikwa na homa, amepatwa na kifafa, ameshikwa na kwikwi. Katika kauli ya kutendwa swali hugeuka, likawa: "Kimempata nini?" Kupagawa kuna muundo huo huo, lakini humtaja pepo, kudeka na kujitia ugonjwa humtwika mgonjwa hatia. Kushikwa na kicheko na kilio hakutaji pepo wala hatia. Husema lililoonekana, na huacha nafasi ya uchunguzi.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Mtu ambaye vipimo vyake havikuonyesha kitu aghalabu huambiwa kwamba hana ugonjwa, ilhali mkono wake umekufa ganzi au sauti yake imepotea kweli. Utabibu wa leo wakiri kwamba dalili kama hizo ni za kweli, wala si za kusingizia. Mfasiri atakayeandika kwamba wasichana wa Kashasha walishikwa na kicheko na kilio atakuwa mwaminifu kwa taarifa ile kuliko kichwa chake. Kwikwi nayo huja katika kilio, na hakuna aliyepata kulaumiwa kwa kushikwa nayo.