Mtumwa na Mtumishi: Neno la Unyenyekevu katika Tafsiri Mbili za Biblia

Tafsiri ya Maandiko haipimwi kwa ufasaha wake peke yake. Hupimwa pia kwa mwenendo ambao msikilizaji aweza kujifunza kwayo. Kwa kipimo hicho yafaa kulinganisha Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema ya mwaka 1995 katika neno moja tu, lililo msingi wa mafundisho ya Kikristo juu ya unyenyekevu: neno la Kiyunani doulos. Tafsiri ya kwanza husema mtumwa. Ya pili, mahali pengi, husema mtumishi.

Mji wa Babati ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Upo penye makutano ya barabara za Arusha, Dodoma na Singida, nao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002. Katika mji huo na viunga vyake husemwa Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi, Kimbugwe na Kidatoga, lugha za jamii tatu zisizo na asili moja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasemaji wake, sokoni, ofisini na kanisani. Kwa hiyo neno linalosomwa kanisani hufika masikioni likiwa limekwisha kuvaa maana ya huko kwingine.

Katika ofisi za serikali mtumishi ni mwajiriwa wa umma, mwenye cheo na mshahara. Kanisani nako neno limepanda. Mhubiri huitwa mtumishi wa Mungu, na waumini humwamkia kwa neno hilo kama kwa jina la heshima. Hapana ubaya katika kumheshimu mhubiri. Lakini neno lililokusudiwa kumshusha mtu sasa laweza kumkweza.

Maneno yote mawili yametoka katika kitenzi tuma. Mtumishi limepatikana kwa tumika, kama mwandishi kwa andika na mpishi kwa pika. Mtumwa ni yule aliyetumwa. Mtume naye ni aliyetumwa, kwa kiishio kile kile kinachoonekana katika kiumbe na mteule. Waraka kwa Warumi waanza kwa Paulo kujiita mtumwa na mtume katika aya moja. Katika Kiyunani maneno hayo mawili hayana shina moja. Kiswahili cha 1952 kimeyaunganisha, hata msikilizaji akasikia kwamba utume na utumwa ni kazi ya aliyetumwa na mwingine. Mtumishi linapoingia mahali pa mtumwa, shina labaki, lakini maana ya kutumwa yafifia.

Hasara kubwa zaidi yaonekana katika Marko 10:43–44. Kiyunani chatumia maneno mawili, diakonos kisha doulos. Atakaye ukubwa ashuke daraja moja, naye atakaye kuwa wa kwanza ashuke hata chini kabisa. Tafsiri ya Muungano imezihifadhi daraja hizo kwa mtumishi na mtumwa. Habari Njema yasema mtumishi mara zote mbili, na ngazi imekuwa uwanda. Vivyo hivyo katika Luka 1:38 Mariamu, aliyejiita mjakazi, sasa ajiita mtumishi.

Hata hivyo, wafasiri wa baadaye hawakukosa sababu. Utumwa katika Afrika ya Mashariki haukuwa mfano wa kuhubiriwa tu. Kanisa kuu la Waanglikana huko Unguja lilianza kujengwa mwaka 1873 penye soko la watumwa, mwaka ule ule soko hilo lilipofungwa. Neno lenye kumbukumbu ya minyororo laweza kumwumiza msikilizaji. Laweza pia kutumiwa vibaya, kwa kuwahubiria unyenyekevu walio chini tayari: mke, mchunga ng'ombe, msichana wa kazi.

Lakini hoja hiyo yajibiwa na Marko mwenyewe. Amri ya kuwa mtumwa hakupewa aliye wa mwisho, bali atakaye kuwa wa kwanza. Yamhusu mwenye duka kabla ya kibarua wake, na mhubiri kabla ya anayefagia kanisa. Neno likilainishwa, atakayepata nafuu si mnyonge. Ni mkubwa, kwa maana yeye ndiye aliyeamriwa kushuka.

Habari Njema imestahili sifa kwa wepesi wake, na kwa kuwa ni matunda ya ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti. Lakini katika aya hiyo ya Marko yafaa mtumwa arudishwe, na maelezo mafupi yawekwe chini ya ukurasa. Muumini wa Babati, atokapo ibadani Jumapili na kurudi shambani au dukani Jumatatu, anastahili kusikia neno asiloweza kulifanya cheo. Kuitwa mtumishi kwaweza kumpendeza kila mtu. Mtumwa, aliyetumwa na asiye na lake, hujulikana kwa kazi ya mikono yake.