Mkalimani wa Pangako Sa 'Yo

Nina deni la kulipa, na ni vyema nilitaje mapema. Zamani niliandika, kwa ujasiri wa kijana aliyekwishasoma vitabu vitatu vya nadharia, kwamba tamthilia za mapenzi za kigeni zilizokuwa zikimiminika majumbani mwetu ni kasumba ya macho, na kwamba mwenye kuzitazama huivua akili yake mlangoni pamoja na viatu. Sikuwa nimetazama hata moja hadi mwisho. Hukumu ilitangulia ushahidi, kosa ambalo ningelimkemea mwanafunzi yeyote lau angelinifanyia katika ushairi.

Aliyenitia adabu ni shangazi yangu, na wala hakukusudia. Binti yake alikuwa akifanya kazi za ndani Maskati, na katika nyumba ile mlikuwa na mwenzake wa Kifilipino. Alipokuja likizo alileta, pamoja na udi na halua, mfuko wa diski za tamthilia iitwayo Pangako Sa 'Yo, maana yake "Ahadi yangu kwako". Sauti ilikuwa ya Kitagalog. Maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Shangazi hakujua hiki wala kile. Basi nikaitwa, si kwa uhakiki bali kwa ukalimani: niketi kila usiku baada ya Isha, niwasomee kwa Kiswahili yeye, majirani zake wawili, na mjukuu wake wa miaka saba, mtoto wa yule binti wa Maskati. Nilikubali kwa siku mbili tu. Nilikaa miezi minne.

Mkalimani ni msomaji wa ajabu. Hana ruhusa ya kurukaruka wala kusinzia, na hawezi kudharau sentensi anayopaswa kuitamka kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo nilipoanza kusikia mambo ambayo maandishi ya Kiingereza yaliyameza. Mtumishi akisema na bwana wake, au mtoto na mkubwa wake, kila sentensi ina kijineno "po", alama ya heshima. Kijineno hicho kikikosekana mahali kinapotarajiwa, chumba kizima hubadilika. Kiingereza hakina pa kukiweka. Nilijaribu kukitia katika "bibi" na "bwana", na mara nyingi nilifanikiwa kuliko aliyeandika chini ya picha. Shangazi naye akawa anadaka vyake. "Salamat", yaani ahsante, aliitambua usiku wa kwanza. "Hukuman", mahakama, hakuhitaji kuambiwa. "Mesa" ni meza, kwa kuwa Mhispania kule na Mreno huku ni majirani. Na siku aliposikia mlezi wa mtoto anaitwa "yaya" alinigeukia akauliza kama nina hakika kwamba watu hawa si wa Pemba.

Sasa kisa chenyewe. Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa na ABS-CBN tarehe 13 Novemba 2000 na kumalizika Septemba 2002. Amor, mtumishi wa ndani katika kasri la akina Buenavista, anapendana na Eduardo, kijana wa nyumba ile. Mama mtu hataki. Eduardo anaozwa Claudia, binti wa ukoo wa wanasiasa. Amor anafukuzwa naye ni mja mzito. Anajifungua mtoto wa kike, anamwacha kwa mama yake, anakwenda kutafuta riziki. Maporomoko yanatokea, na Amor anaambiwa kwamba mama na mtoto wamekufa. Anaolewa na tajiri wa Kimarekani, na baada ya miaka anarejea kwa jina la Amor Powers, na fedha za kutosha kuwanunua waliomtupa. Mtoto hakufa. Ameokotwa, amelelewa na maskini wenzake, anaitwa Yna, na ampendaye ni Angelo, mwana wa Eduardo na Claudia.

Msomaji atacheka. Nami nilicheka. Mpaka usiku mmoja nikakumbuka ni wapi nilikwishakisoma kisa hiki.

José Rizal, tabibu na mwandishi aliyepigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Disemba 1896, aliacha riwaya mbili. Katika Noli Me Tangere, ya mwaka 1887, kijana Ibarra anarejea kutoka Ulaya na kumkuta mchumba wake, Maria Clara, ambaye hajui kwamba baba yake halisi ni kasisi. Katika El Filibusterismo, ya 1891, Ibarra aliyedhaniwa amekufa anarejea mara ya pili: tajiri wa vito, jina jipya, miwani nyeusi, akitumia mali yake kuwaangamiza waliomharibia maisha. Tangu sheria ya mwaka 1956, riwaya hizi zinafundishwa katika skuli na vyuo vyote vya Ufilipino. Kwa hiyo mtazamaji wa Manila alipomwona mtu aliyedhulumiwa akirudi na utajiri na jina la kigeni, na binti asiyeijua damu yake, hakuwa anatazama upuuzi ulioagizwa Mexico. Alikuwa anatazama riwaya ya taifa lake ikisimuliwa upya.

Na imepinduliwa kwa namna ambayo mhakiki wa kiume, mimi wa kwanza, huchelewa kuiona. Mlipa kisasi wa Rizal ni mwanamume msomi, mrithi wa mali. Silaha yake ni taa yenye baruti katika sherehe ya harusi. Mlipa kisasi wa Pangako Sa 'Yo ni aliyekuwa akifagia ukumbi ambamo harusi kama hiyo ingefanyika. Taa ya Simoun inatupwa mtoni na kijana anayemhofia mpenziwe aliyemo karamuni. Taa ya Amor ni biashara na fedha, na aliyemo karamuni ni binti yake mwenyewe, ambaye anakutana naye tena na tena bila kumjua. Kila hatua ya ushindi wake inamkaribia mtoto wake kama moto unavyolikaribia dari la makuti. Hiyo si bahati nasibu ya mtunzi mvivu. Huo ni ujenzi.

Eula Valdez, aliyemwigiza Amor, anafahamu jambo moja ambalo waigizaji wengi hawalifahamu: kwamba mtu aliyewahi kuwa mtumishi hasahau kusimama. Tazama anavyoingia katika ukumbi wa Buenavista akiwa tajiri. Mavazi yamebadilika, nywele zimebadilika, lakini kabla ya kuketi anasita kidogo tu, kana kwamba mwili unangoja ruhusa. Jean Garcia, katika nafasi ya Claudia, hukiona kisito hicho, na ndicho anachokipiga. Makofi yao yamekuwa mashuhuri kwao, na watu huyaigiza kwa mzaha. Ni makofi ya kweli kwa sababu yanatanguliwa na macho.

Wapenzi wawili vijana, Jericho Rosales na Kristine Hermosa, ni wazuri, na nitawaacha hapo. Shangazi naye aliwaacha. Hadithi ya mapenzi ndiyo iliyotangazwa, lakini haikuwa hiyo iliyotukalisha macho.

Nisionekane nimeghilibiwa kabisa. Tamthilia iliyokwenda karibu miaka miwili ina majuma mengi ya maji matupu. Muziki hukuambia ulie kabla hujajua sababu. Binti aliyelelewa katika shida ana ngozi ya mtu ambaye jua halikumwona. Na tatizo la udugu wa Yna na Angelo linatatuliwa kwa kugundua kwamba Angelo si damu ya Eduardo, fundo linalofunguliwa kwa mkasi. Kubwa zaidi, umaskini wa Amor unatibiwa na mume Mmarekani. Mtunzi anajua vyema nani alimdhulumu, lakini hajui njia nyingine ya kumwinua. Mohamed Suleiman Mohamed katika Nyota ya Rehema, 1976, alimwandika binti aliyesukumwa nje ya haki ya baba yake, wala hakumletea tajiri wa kumkomboa. Hapo mwandishi wetu ndiye mkali zaidi, nami nasimama naye.

Lakini wakati nao una haki ya kusikilizwa. Tarehe 10 Julai 2000, jaa la taka la Payatas, katika Jiji la Quezon, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 200 waliokuwa wakiishi chini yake. Miezi minne baadaye ndipo tamthilia ilipoanza, na mtazamaji hakuhitaji kuelezwa maporomoko ni nini. Januari 2001, huku tamthilia ikiendelea, umati ulimwondoa madarakani Rais Estrada, ambaye mwenyewe alikuwa mwigizaji wa sinema. Na tangu Kanuni ya Kazi ya mwaka 1974, ya enzi ya Marcos, nchi ile ilifanya kupeleka watu wake kufanya kazi ng'ambo kuwa sera ya dola. Serikali zilizofuata zimewaita mashujaa. Flor Contemplacion, mtumishi wa ndani na mama wa watoto wanne, alinyongwa Singapore mwezi Machi 1995, na taifa zima lililia. Pangako Sa 'Yo ilizaliwa katika nyumba ambayo mama yumo katika picha ukutani tu.

Hili nililijua kwa vitabu. Usiku ambao Amor anapokea habari kwamba mama yake na mtoto wake wamekufa, nilikuwa nimekwishasoma sentensi kwa macho na kufungua kinywa. Shangazi aliniwekea mkono gotini. "Hiyo usiifasiri, mwanangu," alisema. Mjukuu alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho wazi. Aliuliza yule mama analia nini. Bibi yake akasema: amechoka na safari.

Hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoiacha katika miezi minne, na naiona kuwa fasiri bora kuliko zangu zote.

Mwaka 2015 ABS-CBN iliitengeneza upya. Nafasi ya Amor ilichukuliwa na Jodi Sta. Maria, ambaye katika ile ya kwanza alikuwa binti mdogo wa Buenavista, na mwaka uliofuata aliteuliwa kuwania tuzo ya kimataifa ya Emmy. Ni nzuri, imepangwa vizuri, picha zinang'aa. Tarehe 5 Mei 2020 kituo chenyewe kilizimwa hewani baada ya leseni yake kumalizika, na Bunge likakataa kuihuisha. Mtoto wa mkekani sasa ni mtu mzima, anasoma Kiingereza kuliko mimi. Alinipigia simu alipomaliza kuitazama ile mpya, peke yake, katika simu ya mkononi. Alitaka kujua kama katika ile ya kwanza nayo Amor aliambiwa mtoto wake amekufa, maana yeye alikuwa akikumbuka kwamba alichoka na safari.